Pweza wa Adui, Ngisi wa Kwetu: Taswira na Majina ya Wanyama wa Minyiri katika Historia ya Vita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna pweza, ngisi na dome walivyotumika kama taswira na kama majina katika historia ya vita tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Data zimetokana na ramani za kejeli, mabango ya propaganda, majina ya silaha na vyombo vya majini, pamoja na uundaji wa modeli za meli za kivita. Uchanganuzi umeongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu iliyoasisiwa na Lakoff na Johnson (1980). Makala yanabainisha kuwa matumizi hayo yamegawanyika katika makundi mawili: taswira ya pweza hubandikwa adui, ilhali jina la mnyama wa jamii hiyo hupewa silaha ya upande wa mtoa jina. Hoja kuu ni kwamba makundi yote mawili hufanya kazi moja, nayo ni kuwaondoa watu katika picha ya vita. Aidha, makala yanaonesha kwa nini msomaji na mfasiri wa Kiswahili, ambaye kwake pweza ni kitoweo kabla ya kuwa zimwi, yuko mahali pazuri pa kuitambua kazi hiyo.

Maneno msingi: pweza, ngisi, sitiari, propaganda, majina ya silaha, modeli

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Novemba 1861 meli ya kivita ya Ufaransa iliyoitwa Alecton ilikutana na ngisi mkubwa mno karibu na kisiwa cha Tenerife. Mabaharia walimpiga kwa mizinga na bunduki, wakamchoma kwa chusa, hatimaye wakamtia kitanzi cha kamba ili wampandishe melini. Mwili ulikatika, wakabaki na kipande cha mkia. Miaka 5 baadaye Victor Hugo alichapisha riwaya ya Les Travailleurs de la mer, ambamo mvuvi anapambana na pweza pangoni. Na mwaka 1870 Jules Verne alikamilisha riwaya yake kuhusu nyambizi Nautilus, ambamo wanyama wa minyiri wanaivamia nyambizi yenyewe na tukio la Alecton linatajwa. Kwa hiyo, kufikia miaka ya 1870 msomaji wa Ulaya alikwisha kuwa na zimwi la baharini akilini mwake. Kilichobaki ni kulipa zimwi hilo uraia wa nchi fulani.

Makala haya yanafuatilia uraia huo. Yanajibu maswali matatu: Je, pweza alipochorwa katika picha za vita alisimamia nini? Je, majeshi yalipowapa wanyama hao kazi ya kuzitaja silaha zao wenyewe, maana ilibadilika vipi? Na je, mtafiti anayeziwasilisha data hizi kwa Kiswahili anapaswa kuchukua tahadhari gani?

2.0 Istilahi: Pweza, Ngisi na Dome

Kiswahili kinatofautisha vizuri wanyama hawa. Pweza ana minyiri minane na mwili usio na mfupa wala gamba. Ngisi ana mwili mrefu uliochongoka, mikono minane na minyiri miwili mirefu ya kunasia windo. Dome anafanana na ngisi kwa idadi ya viungo, lakini mwili wake ni mpana na ndani yake mna kile kipande cheupe chepesi ambacho mara nyingi hukutwa ufukweni baada ya mnyama kufa. Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki hawachanganyi watatu hawa, kwa kuwa namna ya kuwapata ni tofauti. Pweza huchokolewa mwambani maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua. Ngisi hawindwi hivyo.

Tofauti hii ina umuhimu katika uchanganuzi. Jeshi la Majini la Marekani, kwa mfano, lilikuwa na nyambizi iliyoitwa Octopus, yaani pweza, iliyoshushwa majini mwaka 1906, na nyingine ya kipindi hichohicho iliyoitwa Cuttlefish, yaani dome. Mwaka 1911 majina hayo yaliondolewa na mahali pake pakawekwa herufi na namba: Octopus ikawa C-1, na Cuttlefish ikawa B-2. Mfasiri anayeziita zote mbili “pweza” anafuta taarifa ambayo lugha yake ina uwezo kamili wa kuihifadhi. Vivyo hivyo, lugha nyingine zina jozi za maneno zenye uzito tofauti. Hugo alilitwaa neno pieuvre kutoka katika usemi wa kisiwa cha Guernsey, nalo likaenea katika Kifaransa kando ya poulpe la zamani. Kirusi nacho kina osminog, linalotaja miguu minane, na sprut, lenye mwangwi wa mnyama wa kutisha. Jeshi la Urusi, kama itakavyooneshwa, lilichagua neno la pili.

3.0 Mkabala wa Nadharia na Data

Kwa mujibu wa Nadharia ya Sitiari Dhanifu, sitiari si pambo la usemi. Ni njia ya kuelewa jambo moja kwa kutumia umbo la jambo jingine. Sifa za kikoa chanzo huhamishiwa kikoa lengwa, na kila uhamishaji huangaza upande mmoja na kuficha mwingine. Katika data zetu kikoa chanzo ni mnyama wa minyiri, na kikoa lengwa ni dola au silaha. Swali la uchanganuzi, basi, si kama picha inafanana na dola. Swali ni kipi kimeangazwa na kipi kimefichwa.

Data zimeteuliwa kwa sampuli ya kusudi. Zinajumuisha ramani mbili za kejeli (1877 na 1904), mabango ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, mizinga miwili yenye majina ya jamii hii, na nembo moja ya mwaka 2013.

4.0 Pweza kama Adui

4.1 Kutoka London hadi Tokyo

Mwaka 1877, vita kati ya Urusi na Dola ya Uturuki vilipoanza, Fred W. Rose alichora jijini London ramani ya kejeli ya Ulaya. Nchi nyingine nyingi zimechorwa kama watu, kila mmoja na mavazi na hulka yake. Urusi peke yake ni pweza. Mnyiri mmoja umemkamata Mturuki, mwingine umeizingira Poland, na mwingine una jeraha lililopatikana katika Vita vya Krimea vya 1853 hadi 1856. Uteuzi huu wa wahusika unastahili kuzingatiwa. Mtu anaweza kukasirika, kulala, kusita au kujadiliana. Wahusika wa Rose wanafanya hayo. Pweza hajadiliani. Kwa kuichora nchi hiyo kama pweza kati ya watu, mchoraji amekwisha kuamua kwamba diplomasia na nchi hiyo haiwezekani, na ameamua hivyo bila kuandika sentensi hata moja ya hoja.

Miaka 27 baadaye picha hii ilifika Japani. Mwezi Machi 1904, mwezi mmoja baada ya vita vya Urusi na Japani kuanza, mwanafunzi Kisaburō Ohara alichapisha ramani ya kejeli ya Ulaya na Asia yenye maelezo kwa Kijapani na Kiingereza. Urusi ni pweza mweusi anayenyoosha minyiri hadi Uturuki, Uajemi, Tibeti na Port Arthur. Katika maelezo, Ohara anasema wazi kwamba jina la pweza mweusi lilitolewa na Mwingereza fulani mashuhuri, kisha anaongeza jambo lisilokuwamo katika ramani ya Rose: pweza, kwa uroho wake, huweza kujeruhiwa vibaya hata na samaki mdogo.

Ukiri huo wa kuazima una maana kubwa kwetu. Japani ni nchi inayokula pweza. Kwa mlaji wa pweza, mnyama huyu hukatwa, huchemshwa na kutafunwa. Si kitisho cha asili. Ohara hakuchukulia kwamba wasomaji wake walikuwa na zimwi hilo tayari. Alilileta, akataja lilikotoka, akalielezea, kisha akaligeuza lifae hadithi ya nchi yake, yaani ya mdogo anayemjeruhi mkubwa. Hapa sitiari imevuka mpaka wa utamaduni ikiwa na hati ya kusafiria mkononi.

4.2 Pweza abadilishaye uraia

Katika Vita Kuu ya Kwanza pweza alikuwa na uraia zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Nchini Ufaransa, bango la Maurice Neumont la mwaka 1917 lilimchora pweza wa Prussia akitanda juu ya ramani ya Ulaya. Katika kipindi hichohicho bango la Kijerumani kuhusu uhuru wa bahari lilimchora Mwingereza kama pweza mnyonya damu wa dunia. Wachoraji wa pande mbili zilizokuwa zikiuana walitumia mnyama mmoja, ramani ya aina moja na hoja ya aina moja. Kama picha ingekuwa maelezo ya dola fulani, isingefaa kuieleza na dola inayopigana nayo. Inafaa kwa zote kwa sababu inaeleza hofu ya mchoraji.

Vita Kuu ya Pili vinatupa mifano miwili iliyo dhahiri zaidi. Wa kwanza ni bango lililotolewa Ufaransa yapata mwaka 1942, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Ujerumani na serikali ya Vichy. Winston Churchill ni pweza mwenye sigara kubwa mdomoni, na minyiri yake imekatwa ikichuruzika damu mahali kama Dakar na Mers-el-Kébir. Maandishi yanawataka Wafaransa wawe na imani kwa kuwa ukataji unaendelea kwa utaratibu. Huko Mers-el-Kébir, mwezi Julai 1940, Waingereza waliishambulia meli za Ufaransa na kuua karibu mabaharia 1,300. Bango halikuhitaji kubuni kisa. Lilikuwa na msiba halisi. Lakini halikuwachora waliokufa. Limechora mnyiri.

Wa pili ni bango la Kiholanzi la mwaka 1944, kazi ya Pat Keely, linalotangaza kwamba makoloni ya Uholanzi huko Asia, ambayo leo ni Indonesia, lazima yawe huru. Pweza ni Japani, ambaye minyiri yake imevikumbatia visiwa. Hivyo nchi iliyomwazima pweza mwaka 1904 ili kumwelezea Mrusi imefanywa pweza yenyewe miaka 40 baadaye. Lakini kilichofichwa katika picha hii ni kizito kuliko kejeli hiyo. Uhuru uliotajwa ulikuwa wa visiwa kutolewa mikononi mwa Mjapani na kurudishwa mikononi mwa Mholanzi. Waindonesia wenyewe walitangaza uhuru wao tarehe 17 Agosti 1945, na Uholanzi haikuutambua hadi Desemba 1949, baada ya vita. Pweza mmoja alipochorwa, mkono mwingine ulioshikilia visiwa vilevile kwa karne kadhaa ulitoka katika picha. Msomaji wa Afrika, ambaye historia yake ina ramani nyingi zilizochorwa na wengine, hana haja ya kufafanuliwa zaidi.

4.3 Pweza halisi na pweza wa ramani

Taswira zote hizi zinategemea dhana moja: kichwa kimoja kinachoamuru minyiri yote. Kwa dhana hiyo, uasi wa Balkani, mgogoro wa Uajemi na meli bandarini Port Arthur huwa matendo ya nia moja. Matukio yenye sababu zake za mahali pake hupewa sababu moja ya mbali.

Biolojia inatoa picha nyingine. Pweza wa kawaida ana takribani neva milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo zimo minyirini. Mnyiri unaweza kupapasa, kushika na kukwepa bila kusubiri kila amri kutoka kichwani. Vilevile, mnyiri uliokatwa huota tena. Kwa maana hiyo, mchoraji wa mwaka 1942 alichagua mnyama asiyefaa kabisa kwa hoja yake, kwa kuwa kumkata pweza kwa utaratibu ni kumpa muda wa kuota upya. Na kama dola zinafanana na pweza, basi zinafanana naye katika kile ambacho ramani ilikificha: watawala wa mbali, majemadari na makampuni yake hutenda mengi bila makao makuu kujua.

5.0 Ngisi kama Silaha

Kundi la pili la data linahusu majina. Katika Vita Kuu ya Pili Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na tatizo la kiufundi. Meli iliyokuwa ikiiwinda nyambizi ililazimika kupita juu yake ndipo iangushe mabomu, na katika dakika hizo za mwisho chombo cha kusaka kwa mwangwi wa sauti kilipoteza windo. Suluhisho lilikuwa kurusha mabomu mbele ya meli wakati mwangwi ungali unasikika. Silaha ya kwanza kuenea kwa kazi hiyo iliitwa Hedgehog, yaani kalunguyeye, kwa kuwa vishikio vyake vya mabomu vilifanana na miiba ya mnyama huyo. Baada yake ulikuja mzinga ulioitwa Squid, yaani ngisi.

Squid ulikuwa na mitutu mitatu ya kipenyo cha milimita 305. Kila bomu lilikuwa na uzito wa takribani kilo 177 na lilirushwa umbali wa mita 250 hivi mbele ya meli. Mitutu ilipishanishwa kidogo pembe zake ili mabomu matatu yaanguke katika umbo la pembetatu yenye upande wa mita 37 hivi. Chombo cha kupima kina kiliingiza kipimo katika fyuzi hadi muda mfupi kabla ya kufyatua, na ufyatuaji wenyewe ulitokea bila mkono wa mtu. Meli yenye mizinga miwili iliweza kulipua pembetatu moja juu ya nyambizi na nyingine chini yake, ili mikandamizo miwili ya maji ikutane kwenye bodi la nyambizi.

Ufanisi wake haukuwa na mfano. Hesabu za Waingereza zinaonesha mashambulizi 50 ya Squid yaliyozamisha nyambizi 17, ilhali Hedgehog ulihitaji mashambulizi 268 kuzamisha 47, na mabomu ya kudondoshwa ya zamani yalihitaji zaidi ya mashambulizi 5,000 kuzamisha 85 hivi. Ushindi wa kwanza ulipatikana tarehe 31 Julai 1944, pale HMS Loch Killin, ikishirikiana na HMS Starling, ilipoizamisha nyambizi ya Kijerumani U-333 magharibi mwa visiwa vya Scilly. Wanamaji wote 45 waliokuwamo walikufa.

Jina Squid halisemi lolote kati ya hayo. Tofauti na kalunguyeye, halielezi hata umbo: mitutu ni mitatu, viungo vya ngisi ni kumi. Mnyama ni wa baharini, mdogo, na kwa mabaharia wengi ni chambo au chakula. Kwa jina hilo, tendo la kuvunja bodi lenye watu 45 ndani yake huingia katika kumbukumbu za meli likiwa na sauti ya uvuvi. Hapa sitiari imefanya kinyume cha ramani kwa njia, na sawa na ramani kwa matokeo. Pweza alimkuza adui hadi akawa zimwi. Ngisi amelipunguza tendo la kuua hadi likawa jambo dogo. Katika hali zote mbili mtu hayupo.

6.0 Modeli na Kipimo

Wapo wanaoirejesha historia hii kwa mikono, yaani waundaji wa modeli za meli. Kazi yao aghalabu huhesabiwa kuwa burudani, lakini kwa suala letu ina thamani ya kiutafiti, kwa sababu modeli hailitambui jina. Inatambua kipimo. Kwa uwiano wa 1:72 mtutu wa Squid una kipenyo cha milimita 4.2, kwa 1:350 haufiki milimita 1. Muundaji lazima ajue kwamba meli za daraja la Castle zilikuwa na mzinga mmoja na za daraja la Loch miwili, na kwamba fremu ya mitutu ililazwa ili kupakia mabomu. Anayetaka kuthibitisha anaweza kuuona mzinga wenyewe kwenye HMCS Haida, meli ya makumbusho huko Hamilton, Kanada, iliyofungwa Squid baada ya vita.

Tuchukue uwiano wa 1:350 na kulipanga tukio la Julai 1944 juu ya meza. Loch Killin ina urefu wa takribani sentimita 27. Nyambizi ya aina ya U-333, yenye mita 67, inakuwa sentimita 19. Mabomu yanaanguka sentimita 71 mbele ya meli, na kila upande wa pembetatu ni sentimita 10 na nusu, zaidi ya nusu ya urefu wa nyambizi. Ghafla tunaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kuponea hapo, jambo ambalo neno “ngisi” halikutueleza. Mtu wa kimo cha kawaida, kwa uwiano huohuo, ni milimita 5. Arobaini na watano wangeenea kwenye kiganja. Hata hivyo, modeli nayo ina mpaka wake: bodi la nyambizi limefungwa, na watu hao hawaundwi. Muundaji mwaminifu kwa kila ribiti anaweza kuimaliza kazi yake bila kuwahesabu.

7.0 Anapojiita Pweza Mwenyewe

Mgawanyo wa pweza kwa adui na ngisi kwa silaha ya nyumbani haukudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Kisovieti lilianza kutumia mzinga wa milimita 125 wa kupigia vifaru ulioitwa Sprut-B, wenye miguu mitatu inayouwezesha kuzunguka pande zote. Baadaye Urusi ikatengeneza Sprut-SD, gari la vita la tani 18 linaloweza kuangushwa kwa miavuli na kuelea majini. Dola iliyochorwa pweza na Rose na Ohara imelitwaa jina hilo, tena kwa neno lenye kutisha zaidi.

Nchini Marekani, nembo ya setilaiti ya kijasusi NROL-39, iliyorushwa Desemba 2013, ilimwonesha pweza ameikumbatia dunia, chini yake maneno yenye maana kwamba hakuna kisichofikiwa. Ilikuwa miezi michache tu baada ya siri za udukuzi wa mawasiliano wa Marekani kufichuliwa. Picha ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa shutuma sasa imekuwa majisifu. Kikoa chanzo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni msemaji. Hili linathibitisha kwamba maana ya taswira haimo katika mnyama. Imo katika uhusiano wa anayechora na anayechorwa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa pweza wa ramani na ngisi wa silaha ni ncha mbili za kazi moja. Ncha moja humfanya adui asiwe mtu, nyingine huifanya silaha isiwe silaha. Kutokana na matokeo haya, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, wafasiri watunze tofauti ya pweza, ngisi na dome, wala wasiongeze “zimwi” au “jinamizi” pale ambapo matini chanzi imetaja mnyama tu. Kutisha ni kazi ya picha, na msomaji anastahili kuiona kazi hiyo ikifanyika. Pili, ramani hizi zinapotumiwa kufundishia historia, mwalimu aulize kila mara ni nani ambaye hakuchorwa. Tatu, watafiti wa Kiswahili watumie kama nyenzo ukaribu wao na mnyama huyu. Kwa jamii inayomchokoa pweza mwambani, ikampiga hadi alainike na kumnywa supu jioni, sitiari ya pweza mtawala wa dunia haipenyi kimyakimya. Inabidi ibishe hodi kwanza, nasi tunapata nafasi ya kuiuliza imetumwa na nani.